Mashua Iliyonyimwa Maji

Jumapili, 9 Novemba 1952. Asubuhi: mvua tangu kabla ya kengele ya misa, bila upepo. Moshi wa bomba la kiwanda umelala chini na harufu yake imeingia mpaka ndani ya mkate.

Baba,

Leo sikwenda misa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza. Ungesimama mlangoni, kofia mkononi, ungetazama viatu vyangu kama vimepakwa rangi, halafu ungesema, "Rozalia, Mungu iko nakungoja, na chai yako haiishi?" Nimekaa hapa mezani tangu saa kumi na mbili na daftari langu la jalada la bluu. Nataka kukuandikia kwa utaratibu, siku kwa siku, kama Masista walivyonifundisha. Sijui kama nitaweza. Neno la kwanza nimelikwepa tangu Jumatano.

Mashua yako imevunjika.

Basi, nimeliandika. Sasa naweza kuendelea.

Nasema juu ya Mwansa, ile ya kwanza, uliyoipa jina la mama. Ile uliyoitengeneza Kasenga mwaka niliozaliwa, wakati watu wengi wa Luapula walikuwa bado wanavua kwa mitumbwi ya gogo moja, na wewe ukaunganisha mbao za mulombwa kwa misumari na wazee wakakuambia utawazamisha watoto wa watu. Haikumzamisha mtu. Miaka ishirini na zaidi ilibeba samaki, wagonjwa, magunia ya muhogo, na siku moja bibi harusi pamoja na wapigangoma wake wote. Nyingine zote ulizotengeneza zilikwisha kabla yako. Hiyo ilikuwa imebaki peke yake. Na mkono ulioivunja ni huu unaoandika.

Tangu tukuzike hapa mjini imepita miaka miwili na miezi minne. Kasenga hungeitambua. Bandarini wameweka mashua za chuma, zina mota, zinanguruma mpaka watu wanazungumza kwa kupiga kelele hata zikiwa zimezimwa. Samaki mpumbu wamepungua. Wakati wa mvua watu wanakaa kandokando ya mto na nyavu zao, wanangoja samaki wapande kama zamani, na wanarudi na kikapu kimoja. Anayejua kuunga mbao hayupo. Nimeuliza nyumba kwa nyumba. Yule kijana uliyemfundisha anauza baiskeli.

Mwezi wa saba nilikwenda kusafisha kaburi la mama, nikamkuta Mwansa amefunikwa kifudifudi nyuma ya banda la kukaushia samaki la yule mfanyabiashara Mgiriki. Walikuwa wameanza kumkata upande wa nyuma, mbao mbili za juu, kwa ajili ya moto. Nilimwomba. Alicheka, si kwa ubaya, akasema, "Chukua, chukua, kuni iko mingi." Dereva wa lori la samaki alinisaidia kumpandisha. Njia nzima alikuwa ananitania, akiniita binti kwa Kifaransa chake cha barabarani: "Mamuzele, leo bwato inapanda motokari. Kesho motokari itapanda bwato, na sisi badereva tutakula nini?" Nilicheka, Baba. Nilikaa juu ya magunia, mkono wangu umeshika ubao wako, vumbi jekundu mpaka kwenye meno, na nilicheka kama mtoto.

Hapa mjini yuko Padre mmoja mzee wa parokia yetu ambaye anakusanya vitu vya zamani: majembe, nyavu, ngoma, vyote ndani ya chumba kimoja karibu na shule. Nilipomweleza habari ya Mwansa alitoa miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akaenda kuongea na wakubwa wa mji. Alirudi na jibu zuri kuliko nilivyoomba. Watajenga kibanda kando ya ziwa dogo la mji, kule Wazungu wanakocheza gofu. Mashua itakaa pale, na siku za sikukuu itawekwa majini ili watoto wa shule waone jinsi baba zao walivyovua kabla ya mashua za chuma. Na ubao utasimamishwa wenye jina la fundi. Padre alilisoma jina lako kwa sauti, Mwape Chola, ili aliandike sawasawa. Sijawahi kusikia jina lako likisemwa taratibu namna ile ndani ya ofisi.

Sharti lilikuwa moja. "Lazima ielee," Padre alisema. "Hawataki kuni kando ya ziwa lao."

Basi Mwansa akakaa ndani ya uwanja wangu hapa Kamalondo, juu ya magogo manne, pua yake karibu iingie jikoni kwa jirani. Watu walikuja kumtazama jioni baada ya kazi. Mama wa nyumba ya tatu alisimama kwenye ua akaita, "Mamuzele, siku ya Noa usitusahau, sisi bantu ba Kamalondo! Mimi niko na mbuzi mbili tu!" Jina hilo likashika. Hata wanafunzi wangu waliniita Madame Noa nikiwapa kisogo.

Unajua jua la mwezi wa nane lilivyo hapa. Hakuna mto wa kupoza hewa. Mbao zilisinyaa. Saa sita mchana niliingia ndani yake na kuinama, na mwanga ulipita kati ya ubao na ubao kwa mistari mirefu iliyonyooka, kama karatasi ya daftari. Nilipima kila mshono kwa rula na kuandika. "4 Agosti. Mshono wa tatu, kulia: milimita sita. Mshono wa nne: saba." Ungecheka. Wewe ulipima kwa kucha ya kidole gumba na hukukosea.

Lakini nilijua la kufanya. Hilo ndilo nataka ulisikie, Baba, usije ukafikiri hukunifundisha. Nilijua.

Unakumbuka kopo la kakao? Likizo zote za utoto wangu Kasenga, mashua iliyopandishwa ufukweni ilikuwa kazi yangu. Asubuhi kabla ya uji nilichota mtoni kwa kopo lile na kumwaga ndani, kopo baada ya kopo, mpaka mikono ikawa mizito, nawe ulikaa ukisokota pamba na kunitazama. Nilikuuliza kwa nini tusizibe mianya mara moja tukapumzika. Jibu lako nililiandika jioni ile ile, katika daftari langu la kwanza, nikiwa na miaka kumi na minne. Ninalo hapa mbele yangu: "Bwato haiko mulango. Bwato inakunywaka. Kama haiyakunywa, usiizibe. Utaiziba ikiwa na njaa, kisha itavimba, na itakosa fasi ya kuweka tumbo yake." Siku kumi na nne ndani ya maji, ulisema. Mbao zinavimba, mianya inajifunga yenyewe. Kisha pamba laini na lami kidogo, kwa kugonga polepole, ukiacha nafasi.

Nilifanya hivyo. Nakuapia nilianza hivyo. Mwisho wa mwezi wa tisa nilipaka udongo wa kichuguu kwenye mianya ili maji yasikimbie yote, na tulichota kwenye bomba la mtaa, mimi na wanawake watano, ndoo kwa ndoo, wakiimba na kunicheka. Siku ya kwanza maji yalitoka kila mahali kama kwenye kapu. Siku ya pili yalitoka kidogo. Siku ya tatu niliweka sikio langu kwenye ubao, kama wewe, na nikasikia ile sauti ndogo ya mti unaokunywa. Tk. Tk. Nililia kwa furaha, peke yangu, shavu langu limelowa.

Siku ya nne alikuja mtu wa afya, yule anayepita nyumba kwa nyumba kutafuta maji yaliyosimama. Akatazama ndani ya Mwansa, akatumbukiza kikombe chake cheupe, akanionyesha wadudu watatu wakicheza ndani yake. "Mama monitrice," alisema, "weye muntu ya masomo, unafuga mbu?" Hakuwa mkali. Aliandika jina langu na namba ya nyumba. Alisema akikuta maji tena atapeleka karatasi kwa wenye nyumba, na nyumba hii, Baba, ni ya shule. Walinipa kwa sababu mimi ni mwalimu, monitrice mwenye mwenendo mzuri. Kuna wengine kumi wanaoitaka.

Ningeweza kwenda kwa Padre kumwomba aniandikie barua ya siku kumi tu. Ningeweza kumwaga mafuta ya taa kidogo juu ya maji, mbu wasizae. Mambo haya yote mawili nimeyafikiria juma hili, na yote mawili ni mepesi. Siku ile sikufikiria lolote. Niliona karatasi yenye jina langu. Nilichomoa udongo na maji yakatoka yote mbele ya yule bwana, yakapita katikati ya miguu yangu, na nikamwambia asante.

Nililala usingizi mzuri usiku ule. Nimekwisha kuangalia katika daftari: "29 Septemba, nimelala saa tatu."

Halafu mwezi wa kumi ukaingia na jua lake. Siku tatu za maji ziliisha kwa siku mbili za joto. Mianya ikarudi, na mingine ikawa mipana kuliko mwanzo. Nami nilikuwa nimekwisha kumwambia Padre tarehe. Ni mimi niliyeichagua, si yeye. Nilitaka iwe Watakatifu Wote, ili jina lako lisomwe kando ya maji mbele ya watu, halafu siku zinazofuata tuwaombee marehemu. Niliona inapendeza. Niliandika "inapendeza" na kupiga mstari chini yake.

Nilimwita Papa Mutombo. Humjui, alihamia mtaa huu baada yako. Ni mtu wa Kasai, seremala, alifanya kazi miaka mingi kwenye mabehewa ya reli, na sasa anatengeneza milango, vitanda na majeneza. Anajisifu, lakini anajisifu kwa haki. "Mulango yangu," husema, "hata upepo inaomba ruksa." Alimzunguka Mwansa mara mbili, akipiga mbao kwa vidole. Akasema dari na milango anaijua lakini maji hayajui. Akasimama, akaniangalia usoni.

"Mamuzele, muntu ya maji ni weye. Baba yako alifanyaka namna gani?"

Aliniuliza, Baba. Mtu mzima, mwenye mvi, mwenye sifa yake, aliniuliza mimi kama mwanafunzi. Na daftari lilikuwa ndani, kwenye rafu, hatua kumi. Kama ningemjibu kweli, ningelazimika kurudisha maji, na yule bwana wa kikombe, na karatasi, na tarehe ingepita. Nikasema, "Ziba tu, Papa. Kaza sana. Lazima isipitishe hata tone."

Akaziba. Aliranda vipande vyembamba vya mti mgumu, arobaini na kimoja, nilivihesabu. Alivipaka gundi ya reli, akavigongomea ndani ya kila mwanya mpaka nyundo ilipokataa. Kazi safi kabisa. Nilipitisha ukucha wangu juu ya mishono na haukukwama. Mwansa hakuwahi kupendeza namna ile, hata ulipokuwa hai. Alikuwa kama kabati.

Jumamosi, tarehe mosi, tulimweka majini. Kulikuwa na jua na mawingu machache upande wa mashariki. Padre alibariki. Jina lako lilisomwa. Watu ishirini walimsukuma na akaelea, Baba, mkavu ndani kama sahani. Hakupitisha hata tone. Papa Mutombo alicheza pale pale na viatu vyake vya misa, akaimba kwa Kiluba, watoto wakamfuata. Mama wa nyumba ya tatu alinipigia vigelegele. Nami nilisimama kwenye matope nikifikiri: basi Baba alikosea. Hilo nalo naliandika. Nilifikiri kwa muda mfupi kwamba ulikuwa mzee tu mwenye desturi zako.

Tulimwacha majini ili watu wamwone mpaka Jumapili inayofuata.

Jumatano baada ya masomo nilikwenda na kopo la rangi nyeupe kumalizia herufi za jina lake. Mlinzi wa ziwa alinikuta njiani. Alisema tangu Jumatatu mashua ilikuwa inalia. "Kama muntu iko navunja kuni ndani ya maji, Mama. Kaa! Kisha kimya. Kisha kaa!" Alifikiri ni kawaida ya mashua.

Mwansa alikuwa amelala ubavu kwenye maji mafupi. Alikunywa, Baba. Alikunywa siku nne mfululizo, kiu ya miaka yote aliyokaa nyuma ya banda, na mbao zake zilivimba zikatafuta nafasi, na nafasi zote tulikuwa tumezijaza kwa mti mgumu kuliko yeye. Zilisukumana. Misumari yako ilichomoka kama meno. Mbavu tisa kati ya kumi na nne zilikuwa zimekatika katikati, na tumbo lilikuwa limefunguka kutoka mbele mpaka nyuma. Vipande vya Papa Mutombo vilikuwa bado mahali pake, vyote. Hakuna hata kimoja kilicholegea.

Padre alikuja, na Papa Mutombo nyuma yake kwa baiskeli. Padre aliitazama mashua. Kisha akauliza, bila kupaza sauti, "Mutombo, umefanya nini?"

Papa Mutombo alivua kofia. Alinitazama mimi. Sikuona hasira machoni mwake, aliniangalia tu, akingoja niseme neno la kitaalamu, mimi mtoto wa mjenzi wa mashua. Nilikuwa na kopo la rangi mkononi. Nilitazama lile kopo.

"Ni mimi, Padre," alisema. "Maji siiyuwe."

Na mimi nilinyamaza. Nilinyamaza siku ile, na Alhamisi, na Ijumaa, na jana.

Ijumaa walimvuta nje, wakamkata kwa msumeno. Wenye ziwa hawakutaka kusubiri. Padre aliwapa Masista mbao, na Masista walizipeleka jikoni kwa shule. Jana adhuhuri wanafunzi wangu walikula ugali uliopikwa kwa moto wa Mwansa. Niliujua moshi wake kabla sijafika mlangoni, ule utamu wa mulombwa unaotoka ukiupasua, harufu ya nguo zako. Wasichana thelathini na wawili walikula. Mmoja aliniuliza kama naumwa.

Papa Mutombo amepewa jina jipya mtaani. Vijana wanamwita Zamisha. Jana jioni akipita na mkokoteni, mtu alimpigia kelele kutoka barazani: "Papa Zamisha! Kitanda yangu, itaelea?" Baraza zima likacheka. Yule mama wa nyumba ya tatu, aliyekuwa amemwagiza mlango, amekwenda kwa seremala mwingine. Papa Mutombo aliendelea kusukuma mkokoteni wake, na mimi nilikuwa dirishani, nikarudisha pazia.

Sasa sikiliza mvua hii. Ilianza siku moja tu baada ya kuvunjika kwake, na haijapumzika vizuri tangu hapo. Inanyesha juu ya yale magogo manne ambayo yamebaki uwanjani. Kama ningengoja majuma mawili tu, Mwansa angejaa mwenyewe, bila ndoo hata moja, na hakuna bwana wa afya anayeandika jina la mvua.

Ubao wenye jina lako uko hapa chini ya meza. "Mashua hii ilitengenezwa na Mwape Chola, Kasenga." Nilifikiri niupeleke kaburini kwako, lakini mtu atasimama pale na kuuliza mashua ipi. Nimeugeuza uso ukutani. Nilifikiri pia niandike kitabu kidogo cha ujenzi wako, pamba, lami, siku kumi na nne. Nitaandika, nina mambo yote kwa tarehe. Lakini mikono haisomi. Hayuko wa kukisoma na kuinuka kwenda kutafuta mulombwa. Sitakudanganya kwamba kitu fulani kimebaki, Baba. Ulichojua kilikwisha ndani ya uwanja wangu, na nilikuwa nimeshika rula.

Kwa hiyo siwezi kukuahidi mashua nyingine. Nakuahidi neno moja ninaloliweza. Kesho, kabla ya masomo, nitakwenda kwa Padre na daftari hili na lile la kwanza, nimwonyeshe tarehe zote mbili: ile ya maneno yako, na ile niliyofungua maji. Kama ataona lazima Masista wajue, na nyumba iende kwa mwingine, iende. Halafu jioni, saa ambayo mabaraza yamejaa, nitakwenda kwa Papa Mutombo. Sitaingia ndani kwake. Nitasimama njiani mahali ambapo wale wanaocheka wananisikia, na nitasema aliniuliza, na nilijua, na sikumjibu. Nitalisema kwa sauti ile niliyokuwa nayo nikikuita kutoka ng'ambo ya mto chakula kikiiva.

Haitaunga ubao hata mmoja. Najua.

Kaa salama, Baba, huko uliko, mbali na mto kama tulivyokulaza. Usinisamehe upesi. Mfundishe mama kucheka ukimsimulia habari ya lori na dereva wake, hiyo peke yake ilikuwa njema.

Mtoto wako,
Rozalia

Saa kumi na moja ya jioni, nimeamka. Mvua bado. Nilikuwa sijalala tangu Jumatano. Nililala saa tisa na dakika kumi, na viatu.